Kosa la Kuchelewa Kufa

Winifred Blanchard alifariki Jumanne ya pili ya Mei, saa nne asubuhi, katika nyumba ya kulelea wazee mjini Louth. Alikuwa na miaka themanini na mitano. Alhamisi iliyofuata binti yake, Hilary, akapigiwa simu kazini, kwenye banda la kufungashia kabichi, akatoka nje na glavu zake za mpira mikononi. Aliyepiga alikuwa Prudence Tansley, karani wa halmashauri ya kijiji chetu cha Keldersby.

"Pole sana na msiba, Hilary. Nimepata ile fomu ya mazishi. Kuna jambo dogo tu."

Hapa kwetu karani akisema jambo dogo, mtu huanza kutafuta pa kukaa. Hilary akakaa juu ya kreti.

"Jambo gani?"

"Anwani. Mmeandika ya Louth."

"Ndiko alikofia."

"Ndiyo shida yenyewe, mpenzi. Makaburi ni ya wakazi wa kijiji. Na mkazi, kwa kanuni yetu, ni mtu aliyekuwa anaishi ndani ya mipaka siku aliyokufa, au ndani ya miezi kumi na miwili kabla ya hapo. Mama yako aliondoka lini?"

"Machi ya mwaka jana."

Hilary alimsikia Prudence akihesabu kwa sauti ya chini, mwezi mmoja mmoja, ingawa hesabu hiyo hata mtoto angeimaliza.

"Miezi kumi na minne," Prudence akasema hatimaye.

"Prudence. Mama alizaliwa kwenye ile nyumba ya kona, ubavuni mwa kanisa. Amekaa hapo kijijini miaka themanini na mitatu. Wewe siku ya ubatizo wako ulilishwa keki aliyooka yeye."

"Najua. Mama yangu alikuwa ananisimulia. Lakini kanuni haiulizi mtu alizaliwa wapi."

"Inauliza nini?"

"Alikuwa analala wapi," alisema Prudence, na sauti yake ilionyesha kwamba aibu imemshika, lakini hakuifuta kauli.

Msimamizi wa banda alichungulia mlangoni akagonga saa yake kwa kidole. Hilary akarudi ndani. Kabichi mia tatu alizozifunga mchana ule zilitoka zote zimekazwa kupita kiasi, na mbili zilipasuka.

*

"Yaani kosa lake ni kuchelewa kufa," alisema Clive.

Clive Pocklington, mumewe Hilary, alikuwa amekaa jikoni na miwani yake mizito, uso karibu uguse sahani. Aliendesha matrekta ya watu miaka thelathini na sita, kisha macho yakaanza kufifia, na daktari akamnyang'anya usukani. Sasa alikuwa anapelekwa hospitali mara mbili kwa mwezi, na mpelekaji ni Hilary, kwa ruhusa ya kuombaomba kazini.

"Usifanye mzaha, Clive."

"Sifanyi. Hesabu mwenyewe. Tungemtunza vibaya kidogo tu, mama angekufa Februari, saa hizi yuko kaburini kama mkazi halali."

Hilary aliweka viazi mezani kwa kishindo. Yeye ndiye aliyemwosha mama yake, aliyemkata kucha, aliyekwenda Louth kila jioni baada ya kazi akinuka kabichi. Muuguzi mmoja aliwahi kumwambia, "Huyu mzee anaishi kwa ajili yako." Siku ile aliona ni sifa.

Na hata kuondoka, Winifred hakuondoka kwa kupenda. Kwanza duka lilifungwa. Akasema si neno, ataagiza. Kisha daktari aliyekuwa akija Jumatano kutibia watu kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi akaacha kuja. Akasema si neno, basi lipo. Halafu basi la Jumanne na Ijumaa likawa la Jumanne peke yake, halafu halikuja tena, na kibao cha kituo kikabaki. Novemba akaanguka ngazini akalala sakafuni saa sita akimsubiri Hilary atoke kazini. Ilipofika Machi akakubali kwenda Louth. Alifunga mlango mwenyewe akasema, "Naenda kidogo tu. Nafasi yangu ipo kwa Ernest."

Ernest ni mumewe, aliyefariki Hilary akiwa na miaka kumi na minne. Wote waliielewa kauli ile kuwa kipande cha nyasi kando ya kaburi lake, kwa sababu kipande hicho kipo, na hakuna aliyewahi kukigusa.

"Prudence anasema majivu yanaruhusiwa," Hilary akasema. "Majivu hayaulizwi anwani."

Clive akainua uso. "Na mama alisemaje?"

Wote wawili walijua. Winifred alilisema kila Krismasi, bata akitoka kwenye jiko: "Mimi msinichome. Nimepika maisha yangu yote, sitaki na mimi nipikwe."

*

Jumamosi Hilary akaenda kwa mwenyekiti wa halmashauri. Rodney Aldous alihamia kwetu miaka tisa iliyopita kutoka kusini, baada ya kustaafu upimaji ardhi. Si mtu mbaya. Huokota takataka za wengine barabarani, hupalilia mapipa ya maua mbele ya kanisa, na anakipenda kijiji hiki kuliko sisi tunavyokipenda, maana yeye alikichagua.

Alimkaribisha Hilary chai ndani ya kikombe chembamba mno.

"Winifred alikuwa rafiki yangu," alisema. "Nilikaa naye alasiri kumi na mbili. Kumi na mbili, Hilary. Kila nilichoandika kuhusu kijiji kimetoka kinywani mwake."

Alisema kweli. Kwenye tovuti ya kijiji kuna ukurasa wa Rodney, unaitwa Historia na Huduma za Keldersby. Historia ni ya Winifred mwanzo hadi mwisho: treni ilipokoma na mkuu wa stesheni akaendelea kufagia jukwaa kwa mwaka mzima, shule ilipofungwa ikiwa na watoto tisa, mwaka wa mafuriko makubwa ya pwani, watu walipoletwa kwa malori wakiwa na nguo za kulalia, na msichana wa miaka kumi na tano akakoroga supu ukumbini siku tatu bila kulala. Msichana huyo ni yeye. Tangu hapo hakuutoka ukumbi ule. Harusi, misiba, uchaguzi, chanjo, chai yote ni Winifred, na senti moja hakulipwa.

"Kama unajua hayo," Hilary akasema, "unataka nini tena kwangu?"

Rodney akasugua mikono. "Kitu cha kuwaonyesha wajumbe. Ushahidi kwamba makazi yake yalibaki hapa. Bili ya umeme, tuseme. Hata moja tu."

"Nyumba ilikuwa ya kupanga. Mwenye nyumba aliipaka rangi wiki iliyofuata. Sasa anaikodisha kwa watu wa likizo."

"Barua yoyote ya serikali?"

"Zilihamia Louth pamoja naye. Ningeziacha zimsubiri mlangoni?"

"Naelewa, naelewa." Akatazama kikombe chake. "Lakini kanuni hii niliileta mimi, Hilary. Watu wa mjini walikuwa wananunua viwanja vya makaburi kwa sababu ya mandhari ya vilima. Watu ambao hawajawahi kukaa hapa hata siku moja. Tumebakiwa na viwanja kumi na kimoja. Sheria ni msumeno."

"Basi mmekata mti wenu wenyewe."

Alimwahidi kulipeleka jambo kwenye kikao cha tarehe sita Juni. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mtu wa mazishi mjini alikubali kumhifadhi marehemu, kwa maneno matamu na ada ya kila siku.

Wiki hizo tatu zilimchosha Hilary kuliko miezi kumi na minne iliyotangulia. Kila aliyekutana naye alimpa pole, kisha akauliza mazishi lini, kisha akatoa ushauri. Mmoja alisema ajaribu kijiji cha jirani, wana nafasi tele. Mwingine akasema siku hizi watu wanachomwa wote, mbona ni usafi tu. Wa tatu, aliyekuwa akitembeza mbwa, alimsimamisha njiani akamuuliza, kwa kuwa Winifred hayupo, nani sasa atapika chai ya sherehe ya Julai.

*

Ukumbini jua la Juni lilikuwa bado linaingia madirishani saa moja jioni. Wajumbe watano nyuma ya meza moja ndefu, Prudence pembeni na kompyuta yake, na viti ishirini vya wananchi, vitatu vikiwa na watu: Hilary, Clive, na bwana mmoja aliyekuja kulalamikia vinyesi vya mbwa.

Ajenda ya Hilary ilikuwa ya saba. Ya tatu ilikuwa pipa la vinyesi, na ikachukua dakika ishirini na tano. Ya tano ilikuwa benchi jipya la mbele ya kanisa, lipakwe kijani au liachwe rangi ya mti. Mjumbe mmoja alisema kijani ndiyo rangi ya asili ya kijiji. Mwingine akauliza asili ya tangu lini.

"Angekuwepo mama," Clive akamnong'oneza mkewe, "angewaambia lilikuwa jekundu."

"Nyamaza."

Ilipofika ya saba, Prudence alisoma kanuni, kisha akasema mwananchi anaruhusiwa dakika tatu. Aliweka saa ya jikoni mezani, ile ya kutegea mayai.

Hilary alisimama. Alikuwa ameandika karatasi mbili, lakini akaziweka chini, akachukua badala yake karatasi ya Rodney aliyoichapisha kutoka kwenye tovuti.

"Nitasoma hii," alisema. "Ameandika mwenyekiti. 'Keldersby ina duka lililosheheni bidhaa za shambani.' Duka lilifungwa mwaka juzi. 'Daktari huja kila Jumatano.' Haji. 'Basi la kwenda Louth hupita mara mbili kwa wiki.' Linapita wapi? 'Wazee wetu huishi maisha yao yote miongoni mwa jamaa na majirani.'" Aliikunja karatasi. "Mama alianguka akalala chini saa sita. Mimi nilikuwa kazini. Jirani ni nyumba ya likizo, haina mtu mpaka Pasaka. Sasa mnaniuliza kwa nini aliondoka. Hakuondoka yeye. Vitu viliondoka, yeye akabaki peke yake, ndipo nikamchukua. Na kama nimekosea kumchukua, niadhibuni mimi, msi..."

Saa ikalia. Prudence akaizima haraka kwa kiganja, kana kwamba ameiba kitu.

Barnaby Stennett, mkulima, mjumbe wa tangu zamani, akasema yeye anapendekeza kanuni iwekwe kando kwa jambo hili moja, na tumalize, ng'ombe wanamsubiri. Mjumbe wa pili akamuunga mkono. Wa tatu na wa nne, mume na mke waliohamia miaka minne iliyopita, walisema wana huzuni kubwa, lakini mlango ukifunguliwa kwa mmoja umefunguliwa kwa wote. Kura mbili kwa mbili. Ikabaki ya mwenyekiti.

Rodney alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nikivunja kanuni kwa ajili ya rafiki yangu," alisema polepole, "nitamwambia nini nisiyemjua? Napiga kura ya hapana. Naomba radhi, Hilary. Majivu, kama unavyojua, hayana..."

Hilary alikuwa ameshachukua koti lake. Clive alisimama akitafuta ukuta kwa mkono.

"Bwana Rodney," alisema Clive, "yule mama ukimpikia chai mbaya alikuwa anainywa yote asikuaibishe. Mimi si kama yeye. Chai yako ni mbaya, na kura yako pia."

Walipofika nyumbani Hilary alimpigia simu yule mtu wa mazishi, akamwambia aanze kuuliza bei ya kuchoma. Kisha akaenda bafuni akafungulia maji ili Clive asisikie.

*

Asubuhi yake, saa mbili kasoro, Prudence aligonga mlango. Alikuwa na vumbi kwenye nywele na daftari kubwa jeusi kifuani. Hakuvuka kizingiti.

"Sikulala," alisema. "Nilikuwa najiuliza kwa nini mama yako alikuwa anasema 'kwa Ernest.' Hakusema kando ya Ernest. Mara zote kwa Ernest."

"Prudence, nimechoka. Ninaenda kazini."

"Kompyuta yangu inaanzia mwaka tisini na moja. Ya nyuma yamo humu. Nimelikuta kwenye kabati la ukumbi, chini ya vitambaa vya meza." Akafungua daftari kwenye ukurasa alioweka tiketi ya zamani ya bahati nasibu. "Soma."

Mwandiko ulikuwa wa mchimba makaburi wa zamani, herufi kubwa zisizonyooka. *Blanchard, Ernest. Futi saba. Wawili. Mke amelipia.*

Hilary akasoma mara mbili. Clive, aliyekuwa amefika nyuma yake na kipande cha mkate, akauliza kuna nini, na yeye akamsomea kwa sauti.

"Kaburi lilichimbwa la watu wawili," Prudence akasema. "Mama yako atalala juu yake. Si kiwanja kipya. Na kanuni ya Rodney inasema viwanja vipya, nimeisoma mara kumi usiku huu. Hahitaji kibali cha mtu. Kaburi ni lake tangu mwaka sabini na tisa. Ni lake kuliko nyumba ilivyokuwa yake."

Alitegemea labda kukumbatiwa. Hilary alikuwa anamtazama tu.

"Wiki tatu," alisema Hilary.

"Najua."

"Wiki tatu mama yangu yuko kwenye friji, Prudence. Nimesimama mbele ya watu nikipimiwa muda na saa ya mayai. Na daftari liko chini ya vitambaa vya meza."

"Ilikuwa kazi yangu kulitafuta," alisema Prudence. "Sikulitafuta kwa sababu sikujua kama lipo. Yeye ndiye aliyekuwa anajua vitu viko wapi."

Hilary aliegemea mlango. Hasira ilikuwepo bado, lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Mbele yake kulikuwa na mwanamke wa miaka sitini na mbili mwenye utando wa buibui nywelini.

"Ingia," alisema mwishowe. "Clive, weka maji."

*

Walimzika Jumatano, mvua nyepesi ikinyesha. Wachimbaji walisema udongo ulikuwa laini, na walipofika kina cha nafasi yake, juu ya Ernest, wakasimama wenyewe, wakaweka majembe pembeni, wakavua kofia.

Ukumbini watu wakajaa kuliko kikao chochote. Sandwichi za mayai ziliisha mapema na chai ilikuwa nyepesi, kwa sababu hakuna aliyejua Winifred alikuwa anaweka majani mangapi kwenye lile birika kubwa. Rodney alikaa mlangoni muda mrefu kabla ya kujongea.

"Nilitaka kuongeza jambo kwenye ule ukurasa," alisema. "Kuhusu yeye. Na picha, kama utaniruhusu."

"Toa kwanza," Hilary akasema.

"Nitoe nini?"

"Duka. Daktari. Basi. Ukishatoa visivyopo, utapata nafasi ya kumweka."

Rodney akatoa kalamu kwenye mfuko wa koti na, palepale, akaanza kuandika nyuma ya karatasi ya ibada. Aliandika, akasita. "Utabaki mfupi sana," alisema. "Huduma zitakuwa ukumbi, sanduku la posta, na benchi."

"La kijani?" Clive akauliza.

"Bado hatujaamua," alisema Rodney, na wala hakuwa anatania.

*

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya halmashauri ya wilaya. Hilary na Clive walikuwa wameomba nyumba ya chini isiyo na ngazi mjini Louth miaka mitatu nyuma, macho ya Clive yalipoanza, kisha wakasahau kama waliomba. Sasa imepatikana. Vyumba viwili, dakika tano kwa miguu hadi hospitali. Jibu litolewe ndani ya siku saba, la sivyo atapewa mwingine.

Clive aliisogeza barua karibu na pua, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini.

"Unajua tukienda," alisema, "mwakani wakati kama huu sisi ni wageni hapa."

"Najua."

"Wewe umezaliwa hapa. Baba yako na mama yako wako pale juu."

"Wapo, na hawahitaji kwenda hospitali." Hilary alivuta fomu upande wake. "Mimi nitakuwa na miaka hamsini na tisa Oktoba, Clive. Kila nikikuacha hapa asubuhi nakuwaza uko chini ya ngazi. Siwezi kukaa humu miaka ishirini nikichunga shimo."

Clive alicheka kidogo, kisha akaacha. Alinyoosha mkono juu ya meza mpaka ukaupata wa mkewe.

"Basi jaza," alisema.

Akajaza. Jina, umri, anwani ya sasa, muda wa kuishi kwenye anwani hiyo. Palipoulizwa sababu ya kuhama palikuwa na mstari mmoja tu, mfupi. Aliandika *hakuna basi, hakuna daktari, hakuna du*, na mstari ukaisha. Akageuza karatasi kutafuta nafasi nyingine. Haikuwepo. Akaiacha hivyo hivyo, akatia sahihi.

Alivaa koti akaenda mpaka kwenye sanduku la posta kando ya kanisa. Kibao chake kipya kilisema barua huchukuliwa mara moja kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi. Ilikuwa saa tano, siku ya Ijumaa, na barua ingelala humo mpaka Jumatatu. Hilary alisimama pale na barua mkononi, mdomo wazi kidogo, hakuna wa kumwambia. Kisha akarudi nyumbani, akamwita Clive avae viatu, akawasha gari, wakaenda kuitia Louth.